Punda Wasio na Mwenyewe

Kwetu, punda ana mwenyewe wakati wa mavuno tu. Mtama ukishakaushwa na magunia yakaanza kutoka shambani, utasikia watu wawili wenye akili zao wanagombea punda mmoja, kila mmoja anaapa kwamba alimlea tangu akiwa mtoto. Magunia yakishaingia ndani, punda huvuliwa shogi, tandiko lake la mizigo, hupigwa kofi la mgongoni na kuambiwa aende akatafute maisha. Tangu hapo hadi mavuno mengine, ukiuliza ni wa nani, utajibiwa ni wa Mungu.

Haikuwa hivyo nilipokuwa msichana. Maji tuliyafuata korongoni, kwenye visima vya kuchimba mchangani, na punda alikuwa na kazi mwaka mzima. Ulimpakia madumu, ukamgeuza uso kuelekea nyumbani, akaenda peke yake. Wewe ulibaki kisimani unamalizia umbea. Akifika mlangoni alisimama, akashushwa mzigo, akarudi kukutafuta. Kisha bomba likaletwa hadi katikati ya kijiji, tukashangilia, na hakuna aliyekumbuka kwamba siku ile tulikuwa tumewafukuza kazi wafanyakazi wetu wote.

Wakaenda porini, wakazaa. Na kwa kuwa punda si mjinga kama tunavyomsema, walichagua mahali penye majani mazuri kuliko pote: eneo letu la malisho ya akiba.

Eneo hilo liko upande wa mlimani, ukiacha njia iendayo Hombolo. Kijiji kilipopanga matumizi ya ardhi yake, tulikubaliana kwamba pale mifugo haiingii masika yote. Majani yanaachwa yakue na kukauka yakiwa yamesimama, na kiangazi kikikaza ndipo ndama na ng'ombe wanaonyonyesha wanafunguliwa, zamu kwa zamu. Ili eneo lipatikane, nyumba chache zilizokuwamo ilibidi zihame. Mojawapo ilikuwa ya mama yangu. Alihamia kwangu bila ugomvi, akisema majani yataliwa na ng'ombe wa wajukuu zake kwa hiyo hajampa mtu kitu. Tembe lake likaanguka taratibu, likabaki tuta la udongo.

Kitu kimoja tu kilimsumbua katika kuhama kule. Punda wake, jike wa rangi ya majivu, alipotea siku zile zile za vurugu ya kubeba vyombo. Tulimtafuta hadi vijiji vya jirani. Mwisho tukasema ni fisi, tukanyamaza. Mama hakukubali habari ya fisi. Kila jioni, akiwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni kwangu, alisema, "Yule atarudi. Anapajua nyumbani." Mimi nilimtania kwamba labda ameolewa Kondoa. Alicheka, lakini kesho yake alisema vilevile. Alifariki mwaka juzi, na hadi wiki ile ya mwisho aliniuliza kama kuna mtu amemwona.

Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya malisho. Ni mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo kijijini kwetu, na sitajifanya mnyenyekevu hapa: naifanya vizuri. Nalijua lile eneo kuliko ninavyojua sebule yangu. Naweza kutembea ndani yake nikakwambia majani yatatufikisha wapi, na sijawahi kukosea kwa kiasi cha kuchekwa.

Kiangazi cha mwaka jana nilitembea, na hesabu haikukubali. Ndama walikuwa bado hawajafunguliwa, lakini upande wa bondeni majani yalikuwa yametafunwa hadi kwenye mizizi. Ng'ombe hali hivyo. Ng'ombe hukata kwa ulimi na kuacha kisiki cha jani, lakini punda ana meno juu na chini, akiamua kunyoa ananyoa. Niliwakuta wenyewe nyuma ya migunga, zaidi ya thelathini, manyoya yanang'aa kwa shibe. Walinitazama kama mimi ndiye niliyevamia kwao.

Nilipeleka habari kwa mwenyekiti wa kijiji, kijana mtulivu ambaye hapendi kelele. Alinisikiliza, kisha akanieleza jambo ambalo lilinifanya nikae chini.

"Mama, kuna watu wa mjini wanalitaka lile eneo walime zabibu," alisema. "Wamekuja mara mbili. Wanasema ni pori tupu, halina mtu wala kazi. Mimi nawajibu kwamba ni malisho. Sasa majani yakiisha kabla ya mvua, na ndama wakafa, nitawajibu nini? Wengine humu humu kijijini wameshaanza kusema bora ligawiwe."

Nilimwambia majani yatafika mvua. Nilisema kwa uhakika, maana sijui kusema kwa namna nyingine. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani nilijua kwamba punda wale wakibaki mle, ahadi yangu haina miguu.

Tukaitisha mkutano. Aliyesimama kwanza alikuwa jirani yangu, mzee mwenye sauti kubwa kuliko hoja, ambaye mbuzi wake na kuku wangu wamekuwa na kesi isiyoisha. Alisema dawa ni moja: aitwe mnunuzi aje na lori, awasombe wote. Kila mtu pale alijua lori hilo lingewapeleka wapi. Punda akisombwa hivyo haendi kubeba mizigo, anaenda kuchunwa ngozi.

"Na wenyewe je?" niliuliza.

"Wenyewe wako wapi?" alijibu, akageuka kuwatazama watu. "Mwenye punda mle anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulioinuka. Nilitazama nyuso za majirani zangu, watu wazima, wengine ni wazee wa kanisa, na kila mmoja alikuwa anachunguza vidole vyake vya miguu. Kukubali punda ni kukubali faini ya majani aliyokula. Kwa hiyo katika mkutano mzima wa kijiji kilichovuna kwa punda miezi michache nyuma, hakuna aliyewahi kumfahamu punda.

Nilikasirika. Si kwa ajili ya majani tu. Nililelewa na mtu aliyemngoja punda wake hadi kufa, na hapa nilikuwa nimezungukwa na watu waliokuwa tayari kumwona wa kwao akichunwa kuliko kusema neno moja.

"Sawa," nikasema. "Nyinyi hamwajui. Tutawauliza wao kama wanawajua nyinyi. Tuwapeleke kisimani korongoni, tuwapakie maji, tuwaachie. Punda akisimama mlangoni kwako na mzigo, ni wako. Utamfunga, utamlisha, na mle ndani asirudi. Wasiopata mlango, hao ndio tuzungumze habari ya lori."

Watu walicheka. Walicheka sana, kisha kicheko kikafifia, nikaona wengine wanawaza. Jirani yangu alisema huo ni mchezo wa watoto. Mwenyekiti alisema hauna gharama, na kanuni ikapita.

Kuwakamata hakukuwa kazi ndogo kama nilivyojigamba. Asante ya punda ni mateke, na sisi tuliyapata kabla hata hatujafanya la kushukuriwa. Lakini pumba na chumvi ni ugonjwa wa punda yeyote, hata aliyezaliwa porini, na kufikia asubuhi ya siku iliyopangwa tulikuwa nao korongoni. Tulifukua visima vya zamani mchangani. Maji yalikuwa palepale, yametungoja kwa subira kuliko tulivyostahili. Shogi zikatolewa darini, zimeliwa na panya lakini zinabeba. Tuliwapakia wakubwa tu, maana wadogo tulijua watafuata mama zao.

Kijiji kizima kilikuja kutazama, hata wale waliosema ni mchezo wa watoto.

Wa kwanza kuachiwa alikuwa dume kubwa lenye msalaba mweusi mgongoni, kiongozi wa kundi. Alisimama kidogo, akatikisa masikio, kisha akapanda ukingo wa korongo na kushika njia bila kuuliza mtu. Tukamfuata kwa mbali. Alipita nyumba ya kwanza, akapita kanisa, akapita kwangu, akaingia uani kwa jirani yangu yule wa lori na kugonga mlango kwa kichwa.

Mke wa jirani hakuwa na habari ya msafara uliokuwa nyuma. Alitoka na mwiko mkononi, akasema, "Pole baba, pole," akaanza kufungua kamba kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Dumu la pili likiwa mkononi ndipo alipotuona.

"Amepotea njia huyu," jirani yangu alisema.

Kabla hajamaliza, jike mwenye mtoto aliingia uani naye, akasimama nyuma ya dume kama aliye kwenye foleni.

"Basi wamepotea wawili," nilimwambia, "na wote wanaujua mlango."

Siwezi kusema sikufurahi. Nilifurahi hadi mbavu zikauma. Asubuhi ile punda waliingia nyumba baada ya nyumba, na watu walikuwa wanajitokeza kuwapokea kabla hawajaumbuliwa. Kufikia mchana kulikuwa na utani kila kona ya kijiji, na mle kwenye malisho hakukuwa na punda hata mmoja. Nilijua kwamba majani yatafika.

Korongoni alibaki mmoja. Alikuwa jike mzee, rangi imepauka, mgongo umebonyea, sikio moja limechanika. Hakuna aliyemtaka, hata wa kutaniwa kwa ajili yake. Mmoja wa wanakamati alisema tusijisumbue, huyu hatafika popote. Mwenyekiti akasema kanuni ni kanuni, naye apakiwe. Nilimfunga madumu mwenyewe, nusu nusu kwa sababu ya uzee wake, nikamwachia.

Hakuelekea kijijini. Alipanda ukingo wa upande wa pili, ule usio na nyumba, akashika njia ambayo mimi sikuona kama ni njia. Watu wakasema si unaona, anarudi porini. Wakatawanyika kwenda kula. Mwenyekiti na mimi tulimfuata, yeye kwa ajili ya kanuni, mimi kwa sababu miguu yangu ilianza kuijua ile njia kabla yangu. Panapopinda kwenye mwamba, nilijua patapinda.

Aliingia kwenye eneo la malisho kwa mwanya wa ua wa miiba. Akapita katikati ya majani marefu bila kuinamisha kichwa, licha ya njaa aliyokuwa nayo tangu asubuhi. Alipanda polepole hadi kwenye tuta la udongo, akalizunguka, akasimama upande wa mashariki. Pale ndipo ulipokuwa mlango wa mama yangu. Alisimama ubavu wake ukielekea tutani, kama punda anavyosimama anaposubiri kushushwa mzigo.

Nilimkaribia nikamshika sikio lile lingine. Kwenye ncha kulikuwa na alama ya mama, mkato mmoja mdogo, alioukata yeye mwenyewe nikiwa nimeshika kamba.

Mwenyekiti alikuwa anaangalia chini. Kwa mara ya kwanza nadhani aliona kilichokuwa chini ya yale majani: mawe matatu ya jiko, nusu ya jiwe la kusagia, tuta la ukuta uliowahi kuzuia upepo.

"Palikuwa kwa nani hapa?" aliuliza.

"Kwa mama yangu. Alitoka ili majani yapate pa kuota."

"Wakija tena hao wa zabibu," alisema, "sitabishana nao ofisini. Nitawaleta hapa, nitawaambia pori hili wanaloliita tupu lilikuwa na mwenyewe, akalitoa kwa hiari yake."

Na ndivyo alivyofanya baadaye, na eneo ni malisho hadi leo. Majani yalifika mvua, kama nilivyosema. Lakini pale mimi sikuwa nasikiliza vizuri. Nilikuwa nalia, mimi ambaye kijiji kinaniogopa, nimeegemea shingo ya punda mzee mwenye kupe. Miaka yote ile mama alikuwa amekaa mlangoni kwangu akimngoja, naye punda alikuwa huku, mlangoni kwa mama, nami nilipita nikihesabu majani tu. Kila mmoja alingoja nyumbani.

Kwa kanuni niliyoitunga mwenyewe, nilitakiwa kusema mbele ya shahidi. Nilifuta uso.

"Mwenyekiti," nikasema, "huyu ni wetu."

Kisha nikafungua kamba, nikamshusha mzigo.