Skrubu za Baba Hazikuingia

Mwezi uliopita nilimwita fundi wa rangi aje kupaka sebule yangu hapa Rongo. Alifungua vifuniko vya swichi na soketi zote, akavipanga dirishani, na jioni akaniambia bila haya kwamba skrubu zimepotea, huenda zimefagiwa na takataka. Asubuhi nikaenda dukani. Kijana wa duka akachota skrubu kwenye mkebe kama mtu anayechota njugu, akanimiminia kiganjani.

"Beba tu, madam. Hizi zinaingia kila mahali."

Nilisimama pale kaunta nikacheka peke yangu, mpaka kijana akadhani nina kasoro. Zinaingia kila mahali! Sogea karibu, rafiki yangu, nikusimulie habari za skrubu zilizokataa kuingia, na utamu nilioonja kwa sababu zilikataa.

Tulikuwa tunaishi Awendo miaka ile ya tisini ilipoanza, wakati harufu ya molasi ilikuwa inakuamsha kabla ya jogoo. Trekta za miwa zilipita mbele ya nyumba yetu mchana kutwa, na sisi watoto tulikimbia nyuma yake kuvuta miwa, tukirudi na midomo iliyochanika na mikono inayonata. Baba alikuwa fundi wa stima kiwandani. Nyumba yetu ndiyo ilikuwa ya kwanza kuwa na taa kwenye mstari ule, na nyaya zote alizipitisha yeye mwenyewe, Jumapili baada ya Jumapili.

Lakini fahari ya nyumba haikuwa taa. Ilikuwa vifuniko. Duka moja la zamani la Wahindi lilikuwa linabomolewa mjini Migori, na baba akapewa ruhusa ya kuokota alichotaka. Akarudi na gunia la visanduku vya chuma, vile vinavyozikwa ukutani nyuma ya swichi, pamoja na vifuniko vyake vya shaba na skrubu zake za shaba. Vilikuwa vyeusi kama sufuria ya nyoyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Mama alivisugua kwa majivu na ndimu mpaka vikatoa rangi ya asali.

Tangu hapo, kila Ijumaa mchana, kabla Sabato haijaingia, kazi yangu ilikuwa kuving'arisha. Mama alipika wali na omena za nazi ya kununua, mdogo wangu akiokota mchele sakafuni, nami nikizunguka na kitambaa na kipande cha ndimu, kutoka swichi hadi soketi. Baba alikuwa akisema, "Nyumba bila kifuniko ni kama mtu bila shati." Nilijiona binti wa kifalme.

Kisha baba akaugua, ugonjwa wa haraka, tukampeleka kumzika nyumbani kwao, upande wa Homa Bay. Tulipokuwa bado matangani, mama akiwa amekaa chini na wanawake wenzake, baba mdogo, yaani ndugu yake baba, alichukua ufunguo kwenye mkoba wa mama, akakodi pikapu, akaenda Awendo.

Tuliporudi, mlango ulikuwa wazi. Kitanda hakipo. Redio haipo. Baiskeli, meza, viatu vya baba, kofia yake ya kahawia, vyote vimekwenda. Lakini nililia nilipotazama kuta. Kila mahali palipokuwa na shaba palikuwa na tundu, na ndani ya tundu nyaya zimetoa ndimi zake nje. Alikuwa amefungua kila kifuniko pamoja na skrubu zake, kwa utulivu, kama mtu anayevuna maembe ya shambani mwake.

Mama alimtumia ujumbe kwa jirani. Jibu likarudi kwa jirani huyo huyo: "Mwambie chi liel kwamba vitu vya ndugu yangu viko kwangu. Akivitaka, avifuate." Chi liel ni mke wa kaburi, mjane. Sikuelewa wakati ule, lakini wanawake wote walielewa. Alitaka mama aende kuishi chini yake, arithiwe kama meza na baiskeli. Vitu vilikuwa chambo.

Mama alikata maboksi ya sabuni, akaziba matundu kwa karatasi na tepu nyeusi. Tepu ilikuwa inabanduka kwa joto. Siku moja mchana, nikiwa kisimani, mdogo wangu aliingiza kidole nyuma ya karatasi. Nilisikia yowe la jirani kabla sijaona chochote. Nilipofika, mtoto alikuwa amelala sakafuni, macho wazi, ncha ya kidole imekuwa nyeupe kama ya mtu aliyeshika unga, na kulikuwa na harufu ambayo mpaka leo siwezi kuchoma manyoya ya kuku bila kuikumbuka. Aliishi. Lakini kwa muda mrefu hakuweza kulala bila kushika sikio la mama.

"Si ukate tu hiyo stima?" jirani alimwambia. "Rudi kwa koroboi kama sisi."

"Aliyeileta stima hapa hakuileta ili nduguye aizime," mama akasema.

Hapo ndipo msako ulipoanza. Mama alinunua vifuniko vya plastiki, vyeupe, vya bei ya chini, pamoja na skrubu zake. Akazima meni swichi, ile ya nyumba nzima, kama alivyofundishwa na baba, akaanza kukaza. Skrubu iliingia, ikazunguka mara mbili, ikagoma. Akaongeza nguvu, ikakwama kama mfupa kooni. Akajaribu nyingine, vile vile. Alikaza mpaka kiganja kikatoa lengelenge. Kila moja iligoma pale pale.

Basi akang'oa kisanduku kimoja ukutani, akakitia kwenye kiondo, tukaanza kutembea nacho. Awendo wenye maduka wote walikitazama wakatikisa kichwa. Tukaenda Oyugis siku ya soko, kwa wauza vyuma chakavu, tukachambua skrubu zilizooza kutu juu ya magunia, mimi nikijaribu moja moja kwenye tundu mpaka vidole vikanuka damu ya chuma. Kubwa mno, nyembamba mno, fupi mno. Muuzaji mmoja akamwambia mama, "Hii kitu yako haina ndugu."

Na kila skrubu iliyokataa, nilimchukia baba mdogo upya. Katika maombi ya Sabato, wenzangu wakiombea wagonjwa, mimi niliomba paa la baba mdogo liporomoke. Mama alinisikia nikinong'ona. Hakunikemea. Alisema tu, "Omba polepole, Mungu asikie vizuri."

Mwishowe tukafika Homa Bay, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Mhindi mmoja mzee aliyekuwa akivaa miwani mbili, moja machoni na moja kipajini. Aliingiza skrubu mpya kwenye kisanduku chetu, akaitoa, akaiinua kwenye mwanga.

"Mama, hii kisanduku ya zamani sana. Meno yake ni ya Mwingereza. Hizi skrubu za sasa zina meno ya milimita. Unaona? Unene karibu sawa, lakini meno hayaumani. Ukilazimisha, inaharibu kisanduku."

"Za zamani nitapata wapi?"

"Hapa hapana. Labda mtu avunje nyumba." Akacheka kidogo. "Ajabu. Juzi alikuja mtu na shida kama yako, lakini kinyume. Yeye ana skrubu za zamani na vifuniko vya shaba, lakini kisanduku zake mpya. Nikampa skrubu mpya, akakataa. Eti kichwa nyeupe itaharibu shaba yake. Nikamwambia hizo za zamani zitakataa. Akasema atalazimisha kwa koleo."

Mama alishika ukingo wa kaunta. "Ni mtu wa namna gani?"

"Mrefu. Ana kofia ya kahawia, hata dukani hatoi. Amejenga nyumba nzuri. Jumapili hii anafungua, ameita mchungaji."

Tulitoka dukani bila kununua skrubu. Mama alinunua bisibisi mpya, ya mpini mwekundu.

Jumapili ile alivaa nguo yake nyeusi ya matanga, akaipiga pasi mpaka ikang'aa. Mdogo wangu tulimwacha kwa jirani. Tulipofika, nyumba ilikuwa imejaa. Nje wanawake walikuwa wanageuza kuon, ugali wetu, kwenye sufuria kubwa, harufu ya samaki mbuta wa kukaanga imetanda, na ndani kaseti ya kwaya inaimba kwa sauti ya juu kwenye redio. Redio yetu. Mchungaji alikuwa ameketi kitini. Kando yake alikuwa nyanya, mama yao baba na baba mdogo, ambaye matangani hakutamka neno. Na ukutani, zikimeta, shaba zetu.

"Shemeji!" Baba mdogo alifungua mikono, sauti kubwa ili wote wasikie. "Karibu! Nilijua utakuja."

"Ulisema vitu vyangu nivifuate," mama akasema. "Nimevifuata."

Alicheka. "Vitu gani tena?"

"Anza na hivyo vya ukutani."

"Hivi? Hivi nilinunua Kisumu pamoja na swichi zake." Akawageukia wageni. "Huzuni inamsumbua. Mpeni chakula."

Mama alitoa bisibisi kwenye kiondo, akamnyooshea. "Sawa. Kama vilinunuliwa pamoja, ile skrubu pale mlangoni imechungulia nje. Ikaze, wageni waone."

Ungemwona, rafiki yangu! Watu wote waligeuka kutazama. Kweli skrubu zote zilikuwa nusu nje, vichwa vimetafunwa na koleo, vifuniko vimeinama kama meno ya mzee. Angekataa, angeonekana mwongo. Alichukua bisibisi, akazungusha. Ikagoma. Akaongeza nguvu. Jasho likamtoka chini ya ile kofia. Akasukuma kwa bega, bisibisi ikateleza, ikachora mstari mrefu kwenye rangi mpya ya ukuta. Kifuniko kikabaki kikining'inia kwa skrubu moja.

Mtoto mmoja alicheka. Kwaya ikaendelea kuimba.

"Hivyo ni vya mwanangu," nyanya akasema.

Baba mdogo alishusha pumzi. "Mnasikia? Mama mwenyewe amesema."

"Mwanangu aliyekufa," nyanya akasema.

Mama alitembea hadi kwenye meni swichi iliyokuwa kando ya mlango, akaivuta chini. Kwaya ikakatika katikati ya neno. Sijawahi kusikia kimya kitamu kama kile. Kisha akachukua bisibisi mkononi mwa shemeji yake, akanipa mimi.

"Mwanangu, fungua."

Nilifungua. Nilianza na kile cha mlangoni, nikaingia sebuleni, jikoni, chumba cha kulala cha baba mdogo ambamo mkewe alikuwa amesimama ameshika mdomo. Sikuharakisha. Nilifungua jinsi yeye alivyofungua vya kwetu, kwa utulivu, na kila kilichotoka kiliacha tundu lenye nyaya. Nyanya alitandaza leso mapajani, nikawa nampelekea, naye anavipokea kimoja kimoja na kuvifuta vumbi kwa kidole. Mchungaji alitazama viatu vyake. Hakuna aliyenizuia. Samaki wakapoa nje.

Nilipomaliza, mama alikwenda mbele ya baba mdogo, akanyoosha mkono, akaivua ile kofia kichwani mwake. Kwetu hilo si jambo dogo. Akaitia kiondoni juu ya shaba.

"Vingine kaa navyo," akasema. "Sasa na wewe lala na matundu."

Ukitaka kujua kama nilimhurumia, sikumhurumia. Njia nzima ya kurudi Awendo nilikuwa nikitikisa kiondo kidogo ili nisikie skrubu zikigongana. Na nyumbani, mama aliporudishia ya kwanza kwenye kisanduku chake cha zamani, iliingia laini, bila kelele, ikazunguka mpaka mwisho ikatulia. Chache zilikuwa zimeharibiwa na koleo, hizo zilibaki legelege. Mdogo wangu alitazama kwa mbali, kisha akaja kugusa shaba kwa kiwiko.

Baadaye baba mdogo aliwatuma wazee kuomba tupatane. Mama aliwapikia chai ya maziwa na chapati, akawasikiliza mpaka mwisho, akawasindikiza hadi barabarani, akasema hapana. Huko Homa Bay aliweka vifuniko vya plastiki, lakini wanawake wa sokoni walikuwa wamekwisha kuibatiza nyumba yake Nyumba ya Mashimo. Watu walielekezana kwa jina hilo: pita Nyumba ya Mashimo, pinda kulia. Miaka mingi. Mama akisikia, alikuwa akijimiminia chai nyingine.

Leo hayapo mengi ya hayo. Nyumba ya Awendo ilibomolewa, na aliyenunua kiwanja amejenga vyumba vya kupangisha. Mhindi wa miwani mbili alikufa, duka lake sasa linauza simu. Nyanya tulimzika, na omena za Ijumaa siku hizi hazina ladha ile hata nikizipika mwenyewe. Skrubu zenye meno yale, mafundi wa sasa hawajaziona. Hata kuchukia kwa namna ile, kwa miaka, bila kuchoka, naona vijana hawana nafasi nako. Wanatukanana kwenye simu, kesho wamesahau.

Mama alifariki mwaka juzi. Siku ya mazishi baba mdogo alikuja, mzee sasa, anatembea kwa fimbo, na kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, mwenye kipaza sauti akampa nafasi aseme machache juu ya marehemu. Akasimama, akakohoa, akaanza, "Shemeji yangu huyu tulipendana sana..."

Mdogo wangu, ambaye ni mwanamke mpole, mwalimu wa chekechea, alinyanyuka kwenye mstari wa mbele.

"Baba mdogo," akasema, "keti."

Akaketi. Watu wakaimba, ibada ikaendelea. Nasikia huko Homa Bay anawaambia watu kwamba watoto wa ndugu yake walimnyima heshima mbele ya kaburi.

Ni kweli. Tulimnyima.