Mada Kabla ya Chai

Tangu Faith Apiyo aajiriwe kufundisha katika chuo kimoja hapa Mwanza, kila kongamano likija huwekwa kwenye kamati ya chakula. Wanawake wenzake ni vivyo hivyo: mapokezi, maua, chai. Wanaume huwasilisha mada. Hakuna aliyepanga hivyo kwa ubaya, na hapo ndipo ninapochukia zaidi. Dhuluma iliyozoeleka haina hata wa kumlaumu.

Mwaka huu Faith alikuwa na mada. Alilelewa kandokando ya ziwa, upande wa Mara, na mama aliyeanika dagaa mchangani. Mvua moja ilitosha kuozesha jasho lote. Utafiti wake ulihusu chanja, vichaga vya mbao vya kuanikia dagaa juu ya ardhi, na alitaka maofisa uvuvi wausikie, maana wao ndio wenye uwezo wa kuzifikisha mialoni, kwenye fukwe wanakoshushia samaki. Ratiba ilipotoka, alikuwa wa mwisho, jioni. Maofisa huondoka wakishakula mchana.

Akamwendea Dk. Maige, mwenyekiti wa kongamano.

"Shikamoo, Daktari. Naomba nihamishiwe asubuhi."

"Marahaba, mwanangu. Asubuhi nani atasimamia chai?"

"Mwaka jana Dk. Malimi alihamishwa ili awahi ndege."

"Ndege haisubiri mtu."

"Na maofisa je, wanasubiri?"

Maige akacheka. "Tukupe wewe maikrofoni, sisi tufe njaa?"

Siku ya kongamano, saa nne, watu walitoka ukumbini kwenda kunywa chai, wakakuta meza tupu. Sauti ya Faith ikawafuata kwenye spika.

"Chai iko tayari, imefunikwa jikoni. Kamati ya chakula imeamua itolewe baada ya mada moja fupi. Yangu."

"Kamati imeafiki," akasema Mwaija, mwenzake wa kamati, akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mikono kiunoni.

Watu wakacheka, wakarudi kuketi. Ofisa mmoja kutoka Ukerewe alinung'unika kuhusu vidonda vyake vya tumbo. Picha ya dagaa waliooza ilipoonyeshwa ukutani, alitafuta kalamu.

Mada ikaisha, lakini maofisa hawakutoka. Walimzunguka Faith wakiuliza bei ya mbao, urefu wa chanja, nani atawafundisha akina mama. Maige alitazama saa, akatazama jikoni. Hatimaye akavua koti, akaenda kubeba chupa ya chai mwenyewe.

"Sukari iko wapi, Mwaija?"

"Kabatini, Daktari. Mwakani tunakuandika kamati ya chakula."