Kamba ya Tutaona

Enzi zetu pale Kamina, mbwa alipewa jina la kuwajibu majirani. Wa kwetu aliitwa Tutaona, kwa sababu jirani mmoja alisema mtoto wa mbwa aliyekonda vile hataifikia mvua. Aliifikia, akanenepa kwa makombo ya bukari, ugali wetu. Kila kiangazi, nyasi zikishachomwa, alitukamatia panya wakubwa wa porini. Mama aliwapika kwa karanga, na harufu ile iliwatoa watoto wa avenyu nzima kwenye mpira wa matambara.

Miaka ile ya tisini vita vikaja. Wanajeshi wa Base, ile kambi kubwa nje ya mji, wakatangaza: mbwa akionekana bila kamba, risasi. Eti wanaibwekea doria. Haya, tukatii. Dada yangu mkubwa, Ngoie, alitoa unga wa mahindi akapewa kamba ya parashuti na mke wa mwanajeshi. Ilikuwa ndefu, kutoka mlango wa jiko mpaka kisimani.

Vijana wa leo wanadhani kamba ni ya kumburuta mbwa. Ngoie alinifundisha kwa makofi ya kisogoni: "Weye, usimukokote! Imbwa haiko mbuzi. Mwachie aende, kisha umwite. Akirudia, umupe karanga." Tutaona alizama nyasini, kamba ikitambaa nyuma yake. Dada akiita, alirudi mbio, ulimi nje, kabla kamba haijakaza. Kwa kamba ile yeye alipata pori lake, sisi tukapata mboga, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kumuua.

Alasiri moja akapita mwanajeshi, amekumbatia mbuzi ambaye sote tulijua ni wa Mama Banza, jirani yetu. Mbuzi alikuwa anamshinda. Akaiona kamba.

"Hii kamba iko ya jeshi. Muliiba wapi?"

"Hatukuiba, shefu," Ngoie alisema. "Tuliuziwa."

"Na nani? Sema jina!"

Ngoie angesema, yule mke wa mwanajeshi aliyetuuzia angepigwa. Mwanajeshi akafungua fundo, akamfunga mbuzi wa wizi kwa kamba ya mbwa wetu, akaondoka. Mama alimfuata mpaka barabarani.

"Shefu, na imbwa yetu? Ninyi njo mulisema afungwe kamba!"

"Tafuta ingine."

Nyingine wapi? Tangu vita, sokoni hata uzi ulikuwa shida. Ngoie akapasua kitenge chake cha kanisani, akaunga vipande. Asubuhi tukakutana na doria kisimani, na yule yule akiwemo. Akakitazama kitenge.

"Hii iko kitambaa. Tulisema kamba."

Akampiga Tutaona risasi. Wenzake wakacheka. Nikikikumbuka kicheko kile, nasaga meno mpaka leo.

Tangu hapo sijatulia. Kaniama, Bukama, Lubumbashi, kote nimepanga vyumba nikahama. Naona vijana wanamfunga mbwa wa bei kali mnyororo mfupi getini, anabweka mpaka sauti inakauka, wao wanapiga naye picha za simu. Na kamba zimejaa masokoni, za kila rangi! Juzi nilimwuliza mmoja kwa nini asimpe ndefu, amfundishe kurudi.

"Muzee, atakimbia."

Wa kwetu hakukimbia. Doria ilipotokea, Ngoie alimwita mara moja tu, naye akaja. Alipopigwa alikuwa amekaa miguuni pa dada, anangoja karanga yake.