Mita Mpya Kwenye Pikapu ya Marehemu

Shemeji yangu aliponiambia anataka kubadilisha mita za pikapu, nilijua kuna kitu anaficha.

Nilikuwa nimekaa barazani kwangu Mpumudde, hapa Jinja, nachambua maharage. Akachuchumaa mbele yangu, akasema kuna fundi kule Mbale, Namatala, amepata dashibodi nzima ya mita kutoka pikapu kama yetu. Ila hiyo ina mita moja zaidi, ile ya kuonyesha injini inazunguka kwa kasi gani. Kwenye yetu, mahali hapo palikuwa na saa tu, nayo ilishakufa zamani.

"Ya nini?" nikamuuliza.

"Nibadilishe gia vizuri. Injini isichoke."

"Kaka yako aliendesha gari hii miaka yote bila mita hiyo."

"Kaka alikuwa kaka, shemeji."

Alisema hivyo macho yake yako kwenye mdomo wangu. Hata hilo lilikuwa jambo jipya. Zamani alikuwa mtu wa kuangalia chini akiongea na mimi.

Pikapu ile ilikuwa ya marehemu mume wangu. Tulirudi kutoka ukimbizini, akainunua ikiwa mbovu, akaitengeneza, akafariki hata nyumba hatujamaliza kuezeka. Watoto wangu walikula kwa hiyo pikapu. Ilipeleka samaki wakavu na sabuni Mbale, ikarudi Jinja na vitunguu na kabichi za mlimani. Mdogo wake, huyu shemeji, ndiye aliyeendesha. Jinja kulikuwa kumetulia, lakini ukipita Mbale kwenda upande wa Teso, watu walikuwa bado wanapigana. Kwa hiyo nilimpa sharti moja tu, asivuke Mbale. Sisi wajukuu wa askari waliotoka Sudani, jina peke yake lilitosha kushushwa garini kwenye rodibloku, vile vizuizi vya askari barabarani. Na Kiswahili chetu nacho kilitushtaki, maana huko mtu akikisema vizuri wanadhani alikuwa jeshini kwenye utawala ulioangushwa. Pikapu ikichukuliwa hairudi. Mtu akichukuliwa, vilevile.

Sasa, mimi shule sikuisoma utotoni. Nilisoma masomo ya jioni nikiwa na watoto tayari, nikimaliza kuswali Magharibi nachukua kalamu naenda. Kutoa na kujumlisha nilijulia huko. Na hesabu hiyo niliipeleka kwenye pikapu. Kila shemeji akirudi, nachungulia ile namba ya maili chini ya mita ya spidi. Safari ya Mbale na kurudi naijua. Siku moja namba ilizidi, na haikuzidi kidogo. Nikamuuliza. Akasema daraja lilifungwa, alizunguka.

Sikuamini.

Tangu siku hiyo aliharibika. Naingia uani, yuko ameinama anaosha gari, namtolea salamu, haitikii. Kwa Mwislamu hilo si jambo dogo, salamu huwezi kuiacha chini. Adhana ikilia, yeye aliyekuwa wa kwanza kutawadha anabaki amekaa mpaka aone wengine wanasimama. Na ule mdomo wangu anaouangalia. Jirani yangu akaliona, akacheka.

"Huyo anakutaka. Ndugu ya marehemu, dini haikatazi."

"Dini haikatazi, mimi nakataza," nikamwambia. Lakini kuanzia hapo chakula chake nilimpelekea kwa mkono wa binti yangu.

Kwa hiyo alipokuja na habari ya mita, niliyaweka yote pamoja. Anavuka Mbale, anawabebea watu wa vita mizigo, moyo umeacha sala, na sasa anataka kuitoa ile namba ninayomchunga nayo. Nikamwambia sawa. "Lakini naenda nawe. Na mita ya zamani narudi nayo nyumbani."

Nilidhani atakataa. Hakukataa, na hilo likanitia wasiwasi zaidi.

Gereji yenyewe ilikuwa uwanja tu, nyuma ya nyumba za mabati zilizobanana. Fundi alikuwa mnene, mcheshi, suruali imekakamaa kwa girisi.

"Karibu, Hajati."

"Maka sijaenda bado. Hiyo dashibodi imetoka wapi?"

"Pikapu ilipinduka kule Wanale, kwenye mteremko."

"Na mwenyewe?"

"Yuko. Anatembea kwa miguu sasa, anasema ni salama zaidi."

Sikucheka. Nilikaa kwenye tairi, karibu, nikamwangalia mikono. Akafungua skrubu za ile fremu ya plastiki, akaingiza mkono nyuma akachomoa waya mnene wa spidi, akatoa soketi, na mita zetu zote zikatoka kipande kimoja. Nilizipokea nikazifunga kwenye leso yangu. Akaweka zile nyingine. Soketi ziliingia vizuri. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nataka ile namba ya maili airudishe ifanane na ya zamani.

"Usiiguse," nikasema.

Wakawasha. Taa zote sawa, lakini mshale wa mita ile mpya ulilala tu. Fundi akajipiga paji la uso. Gari yetu haikutoka kiwandani na mita hiyo, kwa hiyo waya wake haukuwepo, lazima aupitishe mwenyewe kutoka kwenye koili ya injini. Wakazima. Akapitisha waya, akainama chini ya boneti, akamwambia shemeji awashe tena, akanyage mafuta taratibu.

Mshale ukaamka. Shemeji akakanyaga, ukapanda. Uso wake ukafunguka, sijawahi kumwona hivyo tangu tumzike kaka yake. Akakanyaga tena. Injini ikapiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

"Zima," fundi akasema. Kisha akapaza sauti. "Zima, zima bwana!" Waya ulikuwa umeanguka karibu na feni, na mkono wake wa shati upo hapohapo. Boneti ilimficha. Shemeji anakanyaga, anatabasamu na mshale wake. Fundi akajirusha nyuma, akazunguka mbio, akaingiza mkono dirishani akazima ufunguo mwenyewe.

"Una masikio ama una vipini vya sufuria?"

Shemeji akamtazama mdomoni.

Mimi nikasimama. Nikazunguka gari mpaka dirisha la nyuma, mahali hanioni. Kulikuwa kimya sasa. Nikasema, "Assalaam alaikum." Nikarudia kwa nguvu, mafundi wengine wakaitikia kutoka chini ya magari yao. Yeye alikuwa anafuta vumbi kwenye kioo cha mita kwa kidole.

Nikarudi mbele, nikasimama anapoona uso wangu.

"Tangu lini?"

Hakujifanya haelewi. "Tangu siku ile ya daraja. Hakukuwa na daraja. Nilipewa mzigo wa chumvi wa kupeleka mji wa Kumi, kule Teso, nikasema mara moja tu. Lori la mbele yangu likakanyaga bomu. Tangu hapo nasikia kama niko ndani ya mtungi. Mtu akiwa mbele namwelewa kwa mdomo. Lakini injini siisikii, shemeji. Sijui gia inalia au imetulia. Nikaona nikipata mshale, nitaisikia kwa macho. Nilijua ukigundua utanyang'anya ufunguo."

"Na askari akisema simama?"

"Naangalia mikono yao."

"Akiwa nyuma yako?"

Hilo alilielewa vizuri. Akainua macho kwenye kioo cha nyuma.

Ufunguo nilikuwa naweza kuuchukua palepale. Lakini nani angeendesha? Na yeye angekuwa nani, amekaa barazani hasikii hata adhana? Nikapanda mbele, mita za zamani mapajani, nikamwambia twende.

Kabla ya Iganga kulikuwa na rodibloku. Askari alichungulia, akatupungia tupite. Shemeji akaingiza gia, macho kwenye mshale. Ndipo nikasikia nyuma, "Wewe, simama!"

Kumshika mkono sikuweza, si maharimu wangu, dini hainiruhusu kumgusa. Nilikuwa na tasbihi. Nikaigonga juu ya dashibodi, pale juu ya ile mita mpya, kwa nguvu. Akaona, akakanyaga breki. Nilisikia bunduki ikishushwa.

"Nimesema simama, hamkusikia?"

"Tumesikia afande, breki nzito," nikasema. Uongo huo wa breki Mungu anisamehe.

Alikuwa anataka vitunguu tulivyopakia Mbale.

Tangu hapo safari zote nilikwenda naye. Jirani akatangaza Mpumudde nzima kwamba mjane amepata mume. Plastiki ya juu ya mita ile ilichubuka kwa tasbihi yangu. Nikaanza tena kumpelekea chakula mwenyewe, na salamu nilimtolea nikiwa mbele yake.

Lakini namba ya maili ya mita mpya niliisoma kabla hatujatoka Namatala, na kila jioni niliendelea kuisoma, asije akatoka bila mimi. Huruma nilimwonea. Lakini Kumi alikwenda.