Diski Haikurudi Tupu

Kiharusi kilipompiga baba yangu kilimchukulia ulimi na mkono wa kulia kwa pamoja. Alikuwa msemaji hasa, mtu wa kubishana barazani tangu alasiri hadi magharibi, na ghafla akabakiwa na sauti moja tu, aa, aa, ambayo hatukujua kama ni njaa au hasira. Tulimpa kalamu, mkono wa kushoto ukashindwa kuiongoza. Daktari alitwambia cha pili kikija hatavuka, na mimi kilichonikosesha raha hakikuwa kifo chenyewe. Niliogopa atakufa na maneno yake ndani.

Kaka yangu, aliyekuwa akifanya kazi Uarabuni, ndiye aliyeleta kompyuta. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, wakati mtaani petu Malindi hata televisheni ilikuwa ya kwenda kuangaliwa kwa watu. Ilikuwa na matundu mawili ya kutilia diski, zile pana na nyembamba za zamani. Diski moja ilikuwa ya kuiamsha mashine, ya pili ya kuwekea maneno. Baba alikaa mbele yake siku nzima akitafuta herufi kwa kidole kimoja, kisha tukasoma kwenye kioo: CHAI HII HAINA TANGAWIZI. Mama alilia mpaka akakaa chini.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mwanamke wa bara, karani wa hoteli moja ya ufukweni. Kompyuta ndiyo kazi yake, naye ndiye aliyetufundisha kuitumia. Alipokuwa mgeni mtaani mama alimpelekea tambi, akairudisha sahani imeoshwa ikang'aa, tupu. Nilimcheka. Nikamwambia, "Dada, huku kwetu chombo cha mtu hakirudi hivi. Kama huna kitu, tia hata chumvi." Tangu siku hiyo hakuna chombo chetu kilichorudi kitupu. Mara mayai, mara parachichi kutoka kwao.

Siku moja aliazima diski yetu iliyokuwa haina kitu, kwa kazi zake za ofisini. Aliirudisha jioni, mkono wa pili amebeba bakuli la bati lenye ukingo wa buluu, limejaa mahindi na maharage.

"Hii diski nimemwekea baba mchezo wa dama," alisema. "Niliona si vizuri kuirudisha bure. Si wewe ulinifunza?"

Baba aliicheza dama hiyo mpaka tukamlazimisha kulala, na diski ikabaki tunduni. Asubuhi niliiwasha mashine nayo ikiwa ndani. Mashine ikalalamika, nikaitoa diski ya dama, nikatia ile ya kuiamshia, kazi ikaendelea. Sikujua kwamba kufikia hapo mambo yalikuwa yameshaharibika.

Baada ya muda nukta ndogo ilianza kuruka kwenye kioo, inagonga herufi za baba, inarudi. Baba akiandika, yenyewe inaruka. Kisha maneno yake ya zamani yakafunguka yakiwa takataka. Kisha mashine ikakataa kuamka kabisa. Nilichanganyikiwa. Nikatia kila diski iliyokuwemo nyumbani, hata ile ya akiba ya kuiamshia iliyofungiwa kabatini, nikidhani mojawapo itaiokoa. Zote zikaharibika moja baada ya nyingine, na baba ananitazama.

Nilimpigia kaka simu kutoka posta. "Ni virusi hivyo," alisema. "Nani ametia diski ya nje?"

Nilirudi nyumbani nikamweleza mama. Aliuliza kama vinaambukiza. Nikasema kaka anasema vinaambukiza sana. Akasukuma kiti cha baba hadi upande wa pili wa chumba, karibu na mlango wa jikoni. Sikuwa na nguvu ya kumsahihisha.

Kwa jirani nilikwenda na moto wangu wote. Alishika kichwa. Kompyuta ya hotelini wageni walikuwa wakitia diski zao wapendavyo, na yeye hakujua. Aliomba radhi akilia, nami nikamwambia asilete tena mguu wake kwetu. "Mwanangu, jirani huyo," mama alininong'oneza. Sikusikia la mtu. Bakuli lake likabaki rafuni jikoni, kwa kuwa kulirudisha tupu sikuweza, na kumpikia yule sikutaka.

Nilifunga mashine kwa leso, nikaipakata hadi Mombasa, foleni ya feri ya Kilifi ikinimaliza. Fundi alisema lazima apate diski safi ya kuiamshia, na hana. Nikaambiwa rudi wiki ijayo. Nikarudi, nikaambiwa tena hivyo hivyo. Na nyumbani baba akaanza jambo jipya: ananyanyua mkono wa kushoto, anaelekeza jikoni, rafuni, aa, aa. Tulimletea sukari. Tulimletea dawa, chupa ya chai, redio. Kila kitu alikisukuma. Alikuwa anadhoofika mbele ya macho yetu, na kila asubuhi mkono ule ulinyanyuka kwa shida zaidi. Nilijifungia chooni nikalia, maana kuna kitu baba yangu alikitaka na nilishindwa kukijua.

Hatimaye fundi aliipata diski. Alinionyesha pengo dogo ubavuni mwake na kibandiko cheusi cha kuliziba, ili mashine isome tu, isiweze kuandika chochote juu yake. Akaniusia nisiiwashe kamwe mashine yenye diski nisiyoijua ndani, na ikiugua niizime kabisa kabla ya kutia nyingine. Yote hayo ni mepesi. Hakuna aliyetwambia mapema.

Nilimrudisha baba kwenye meza yake. Kidole kilikosea, kikafuta, kikaanza tena. Mama na mimi tulisimama nyuma yake.

BAKULI LA WATU, aliandika, akanyanyua mkono kuelekea rafuni.

Mama alijishika kinywa. Bakuli lile tulikuwa tukilisogeza kando kila siku ili tufikie vitu vilivyokuwa nyuma yake.

LITIENI KITU, baba akaandika. LIRUDISHENI.

Ilinibidi nimwambie. Jirani alikuwa ameshahama, amerudi kwao bara na virago vyake vyote. Alikuja kuaga mlangoni na mimi sikutoka, na mama hakuthubutu kumfungulia nikiwepo.

Baba aliuondoa mkono kwenye herufi. Nilingoja anitukane, nilitamani anitukane. Alipapasa ubavuni mwa mashine mpaka akaipata swichi, akaizima.