Mzinga wa Ndege na Ukuta wa Tofali Moja

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, siku ya Jumamosi, rafiki yangu wa Muyinga aliweka askari wake watatu wa mwisho nyuma ya ukuta. Ukuta ulikuwa kipande cha boksi. Askari walikuwa mbegu za ikibuguzo, bao la kwetu Burundi. Tulikuwa nyumbani kwangu Nyamugari, kwenye meza ninayotengenezea vyerehani.

Mchezo huo wa vita niliutunga mwenyewe kwa miaka mitatu, kutoka vitabu vya kijeshi vya Kifaransa nilivyovinunua sokoni Gitega vikiwa vimechakaa. Nakala arobaini za kanuni zilikuwa zimeshapigwa chapa na kufungwa kwa kamba. Rafiki yangu anauza vitenge Muyinga, na ndiye angeziuza huko pamoja na vitenge. Mimi sijui kuuza. Kama asingezikubali kanuni, nakala zingebaki kwangu.

Juu ya kilima nilikuwa na mzinga wa kutungulia ndege, wenye mitutu miwili.

"Ndege iko wapi?" aliuliza. "Komanda, unapiga mawingu?"

"Nashusha mitutu."

Hilo ndilo jambo nililolifanyia kazi kuliko yote. Mzinga huo, sawa na bombomu, ile rashasha nzito inayofungwa juu ya pikapu, unafaa kwa ndege, lakini vitani mara nyingi huelekezwa ardhini. Katika mchezo una gharama zake: unaonekana kutoka mbali, wapigaji wake hawana kinga, na risasi zake huisha baada ya zamu tatu. Faida yake iko katika jedwali la nne. Aliye nyuma ya ukuta wa jiwe anaokoka akirusha dadu na kupata nne au zaidi. Aliye nyuma ya tofali bichi harushi dadu; anakufa.

Nikaziondoa mbegu tatu.

"Zirudishe, nirushe dadu."

"Hakuna dadu. Tofali bichi halizuii."

"We nani kakwambia?"

"Kitabu. Na nimepima." Nilikuwa nimepima kwa rula kuta zenye matundu ya risasi, kwenye njia ya kwenda Giteranyi.

"Shehe wa marula!" Alicheka, kisha akaacha. "Mi nilikuwa nyuma ya ukuta kama huo, kaka. Giteranyi huko, wakati wa vita. Bombomu iko ng'ambo ya bonde. Na mi niko hapa, nakunywa chai yako."

Tulikuwa tumecheza pamoja miaka mingi, na hakuwahi kulisema. Mtu mwingine angempa pole. Mimi nilimuuliza unene wa ukuta.

"Tofali moja. Baba alijenga haraka."

"Mlikuwa wangapi ndani?"

"Watano."

"Mkatoka wangapi?"

Alinyoosha kidole kimoja, kama anayeagiza soda.

Nilichukua penseli. Mmoja kati ya watano. Dadu ina pande sita. Niliandika pembeni mwa jedwali: tofali bichi, anaokoka kwa sita. Sikusikia kitu moyoni, ila kuridhika kidogo kwamba hesabu zimekaribiana.

Alisoma. "Nani alirusha sita hapo? Mi nilikuwa nimelala na homa. Wengine walikuwa wamekaa, wanakula."

"Kumbe ni kulala," nilisema, nikafuta. Niliandika: anaokoka aliyelala. "Risasi zilipita urefu gani kutoka sakafuni?"

"Urefu wa mama," alisema, "akiwa amekaa."

Niliandika sentimita themanini.

"Bon, basi," alisema. Alikunywa chai iliyobaki, akaenda mlangoni, akavaa viatu. "Hivyo vitabu vya kanuni zako usiniletee, kaka. Na kwa watu wa Muyinga usivipeleke."

Alipanda basi la saa kumi. Siku za Idi hunipigia simu, tunaulizana habari za watoto, basi. Kucheza hatujacheza tena.

Nilisahihisha nakala zote arobaini kwa kalamu, jedwali la nne, mstari wa tatu, kwa siku mbili. Sahihisho ni sahihi. Nimelirudia mara kadhaa na sioni kosa. Sikuuza hata moja. Mwishowe nilizichukua zote hadi soko la Giheta, kwa akina mama wanaotumia karatasi kufungia karanga, wakanipa faranga elfu nne. Kupiga chapa kulikuwa kumegharimu elfu themanini na nane. Hasara: faranga elfu themanini na nne.