Kuku Aliyepewa Kazi ya Kuhukumu

Harufu ya manyoya ya kuku yaliyotiwa maji ya moto ikinifikia, mimi hucheka kwanza, halafu nanyamaza. Watoto wangu wameshazoea. Nyinyi hamjazoea, basi ngojeni niwaambie.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, huko kwetu Kashuga, kijiji cha mlimani. Papa alilima maharagwe na mihogo kama baba wote wa mlima ule, ila alikuwa na jambo moja la kumtia majivuno: watu walimletea kesi zao azikate. Mbuzi kala mihogo ya jirani, mpaka wa shamba umesogea, haya, twende kwa Papa. "Miye siangalii sura ya muntu," alipenda kusema. Nami, mtoto wa maswali, nilijiuliza: sasa anaangalia nini?

Mwaka ule watu wengi walikuwa wamekimbia vita kutoka Kalembe, wakajenga vibanda vya maturubai chini ya shamba letu. Mmoja wao alikuwa Mama Furaha, aliyefika na mtoto mgongoni na kuku mwekundu kikapuni. Zaidi ya hapo hakuwa na kitu. Na Mama yangu naye alikuwa amepotelewa na kuku mwekundu wiki chache kabla. Siku alipomkuta kuku mwekundu akichakura nyuma ya jiko letu, alimshukuru Mungu kwa sauti. Mama Furaha akapanda kilima kumdai. Maneno yakawa makali, na kesi ikaangukia mikononi mwa Papa: mke wake upande mmoja, mgeni upande wa pili.

Yesu wangu, jinsi alivyohangaika! Hakulala. Asubuhi alitoka na uso unaong'aa, akasema amepata njia ambayo hakuna mtu atakayeweza kuilaumu. Jioni, kuku awekwe katikati ya kijia, kati ya jiko letu na vibanda. Mtu asimwite. Atakapokwenda kulala, hapo ndipo kwao.

Watu walijaa. Papa akamweka kuku chini, akarudi nyuma. Kuku akajikung'uta, akageuza kichwa huku na huku, kisha akapanda moja kwa moja hadi mlangoni petu. Watu wakapiga makofi. Papa akafungua mikono: "Munaona? Haiko miye nimekata. Ni kuku!" Sijawahi kumwona amefurahi vile.

Mama Furaha hakulia. Alisema polepole tu: "Papa, kuku yangu inajua nyumba moja, na iko Kalembe. Pale chini ni turubai. Hata miye sijapazoea."

Lakini mimi nilijua kitu. Wiki mbili nzima nilikuwa namtupia kuku yule mahindi, nikitaka kujua kama kuku anaweza kuzoea sauti ya mtu. Tena mahindi ya mbegu, ya Mama. Na mara ya kwanza nilimwona akitoka kule chini vibandani. Nilimtazama Furaha mdogo mgongoni kwa mama yake, nikasikia mdomo wangu ukifunguka: "Papa, ni miye nilikuwa naipa mahindi. Ilitoka kule chini."

Macho ya Mama! Nilijua viboko vyangu vimeshawekwa tayari, na kweli nilivipata. Lakini kwanza Papa alimshika kuku kwa mikono miwili, akamkabidhi Mama Furaha, akasema mbele ya wote: "Nimekosa."

Kesho yake, tukipalilia, nilimuuliza: "Lakini Papa, haukupendelea muntu. Ulikosa nini?"

Aliegemea jembe. "Ile njia niliona iko sawa," akasema, "kwa sababu ilikuwa inafika kwangu."

Nikatikisa kichwa kama mtu mzima. Kwa kweli sikuelewa hata kidogo.

Nilielewa mwaka juzi, mimi mwenyewe mama wa watoto watatu, nimekimbia vita, niko chini ya turubai upande wa Mubambiro. Nilisimama kwenye mstari wa unga wa msaada tangu alfajiri. Kijana mwenye orodha aliniomba carte, yaani kitambulisho. Yangu ilibaki nyumbani, na nyumba yenyewe sijui kama bado imesimama. "Pole, Mama," akasema, "sheria iko moja kwa watu wote." Hakuwa mtu mbaya. Asubuhi ileile alikuwa amemrudisha hata shangazi yake, mikono mitupu.

Sikumkasirikia. Nilitaka kujua tu. Nikamuuliza: "Mwanangu, na weye, carte yako iliponaje siku ya kukimbia?"

Mkono wake ukagusa mfuko wa shati, ukabaki pale.

"Miye sikukimbia, Mama," akasema.